Safari Isiyo na Marehemu

Wazazi wangu wanaijua Ufaransa kwa makaburi yake. Paris ni dada yake mama. Lille ni binamu wa baba. Lyon ni yule mzee wa Uvira ambaye mpaka leo hakuna anayekumbuka alikuwa ndugu wa nani, lakini tulikwenda, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, tukaipakata njia nzima. Ukimwuliza mama Lyon ikoje, atakwambia kuna matope.

Kwa hiyo mama, Euphrasie, alipoamua kwamba mwaka huu atakwenda kupumzika na mumewe, sharti lilikuwa moja: mji ambao hatujamzika mtu. Dada yangu Priscille nami tuliutafuta mji huo kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Tukaangukia Reims. Kuna kanisa kubwa, kuna vilima vya mizabibu, na chini ya ardhi kuna mahandaki marefu ambamo shampeni inalala miaka bila kusumbuliwa. Mama alisema hata yeye angependa kulala hivyo. Baba, Hilaire, ambaye ni dereva wa tramu hapa Brussels, aliuliza swali moja tu, kama Reims kuna tramu. Ipo. Siku ya kwanza aliipanda kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi nayo, na mama akamngoja akila aiskrimu.

Kosa lilifanyika kabla ya kuondoka, na lilikuwa la mama. Hakuweza kusema anakwenda kutembea. Kwetu mtu wa umri wake hatembei tu. Anakwenda kwenye harusi, kwenye kilio au hospitali. Basi alimwambia mwenzake wa kwaya, Maman Rolande, amwongozee nyimbo za Jumapili kwa sababu yeye na papa ya batoto, yaani baba yetu, wanakwenda Ufaransa. Maman Rolande akauliza kama kuna shida. Mama akajibu kwamba ni mambo yao wawili tu, akatazama chini.

Alitazama chini kwa aibu. Maman Rolande alielewa vingine, na alikuwa njiani kwenda kusukwa Galerie d'Ixelles. Habari ikiingia kwenye saluni za pale kichwa kikiwa nusu, kichwa kikimalizika Matonge nzima, mtaa wa Wakongo wa Brussels, inajua.

Jumamosi mchana kengele ililia nyumbani kwetu Schaerbeek. Nilifungua nikiwa na kaptula na bakuli la nafaka. Walikuwa akina mama wa kwaya, vitambaa vyeusi kichwani, na viti vya plastiki vya parokia. Wakasukuma kochi ukutani. Sufuria ya maharagwe ikawekwa kwenye jiko kabla sijauliza kitu. Nyuma yao akapanda Hilde wa ghorofa ya chini, mstaafu aliyefundisha Bukavu zamani, akiwa na keki. Aliniuliza nani amefariki, kwa Kiswahili safi kuliko chetu sote, akakaa.

Nilisema hakuna aliyefariki. Wakatazamana kwa huruma. Nilisema wamekwenda kupumzika. Maman Rolande akauliza wamefikia kwa nani. Nikasema hotelini, Reims. Mama mmoja akafuta macho: kumbe marehemu hakuwa hata na ndugu wa kupokea wageni.

Nikaona bora nitoe ushahidi. Asubuhi ile baba alikuwa ametuma picha. Wako ndani ya handaki la shampeni, kuta za chokaa, mwanga wa taa moja. Mama amejifunika shali kwa sababu kule chini ni baridi. Baba ameinamisha kichwa na kufumba macho. Alikuwa ananusa glasi, lakini aliyepiga picha aliiacha glasi nje.

Maman Rolande aliishika simu yangu kwa mikono miwili.

“Papa Hilaire amekonda,” alisema. Simu ikazungushwa chumba kizima.

Mumewe Maman Rolande ana kamionete, gari dogo la mizigo, na ilishaanza kujadiliwa nani akae mbele na nani apakate sufuria. Walitaka kufika Reims kabla ya giza. Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Namjua mama yangu. Akimwona Rolande mlangoni mwa hoteli na sufuria, atafunga kitenge kiunoni na kuanza kugawa sahani, na Reims itakuwa Lyon. Nikimpigia simu, atarudi. Maisha yake yote ni hivyo: simu inalia, anavaa viatu.

Nilimpigia hata hivyo, angalau asikutwe bila habari.

Alisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza nani wako pale, nikamtajia. Nyuma yake nilimsikia baba akiuliza treni ya kurudi ni saa ngapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari ameshika koti. Mama akaniambia niweke simu kwenye spika.

“Rolande.”

“Tuko hapa, maman. Tuko pamoja na weye. Ni nani?”

“Hakuna muntu. Niko natembea na bwana yangu. Tulikula, tukalala, asubuhi tukakaa ku banc mbele ya kanisa. Sasa tuko nakunywa divai.”

“Na kisha?”

“Na kisha, rien. Hakuna kitu.”

Maman Rolande alilipima jambo hilo. “Donc mutarudia leo.”

“Lundi,” alisema mama.

Tikiti zao zilikuwa za Jumapili, si Jumatatu. Nilimsikia baba akianza kulieleza hilo, kisha akaacha. Mama akasema kuna monsieur anawangojea na chupa ingine, akawatakia mchana mwema, simu ikakatika. Maman Rolande akaniagiza nipige tena. Nikapiga. Ilikuwa imezimwa. Simu ya mama yangu haizimwi hata kwenye misa.

“Alizima,” niliwaambia.

“Bon,” alisema Maman Rolande.

Alivua kitambaa cheusi, akakikunja vizuri mapajani. Wengine wakavua mmoja mmoja. Hilde aliuliza kama sasa keki inaweza kukatwa, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, akaikata. Maharagwe yalipakuliwa, yalikuwa yameiva, na hayakuwa na kosa.

Baadaye Maman Rolande alinifuata jikoni na sahani yake. Alifunga mlango kwanza. Kisha akaniuliza, chini chini, hiyo banc, benchi walilokalia, iko upande gani wa kanisa.