Amina Iliyofika Salgaa

Naliaka ndiye aliyeanzisha uvumi ule, tena akiwa amepiga magoti. Jumatano moja, katika maombi ya akina mama kanisani, pale mtaa wa Section 58, alifumba macho akasema, "Bwana, mkumbuke mwanangu Quincy. Tumbo linammaliza tangu aanze kula kwa hoteli ya mkewe."

Akina mama wakaitikia amina. Amina ya namna hiyo haikai kanisani. Haukupita muda ikafika Salgaa, kwenye kituo cha malori, na madereva wakawa wanaupita mlango wa hoteli ya Joyline, mkewe Quincy, wakienda kula kwa jirani.

Sasa walikuwa mbele ya daktari, mama, mwana na mkewe. Quincy alikuwa amekonda hadi kola ya shati ikamlegea shingoni. Kamera iliyoingizwa tumboni ilikuwa imeonyesha vidonda kwenye utumbo.

"Chakula hakina makosa," daktari alisema. "Ndani ya ukuta wa utumbo kuna askari wa mwili. Kazi yao ni kumjua adui na kukiacha chakula kipite. Kuna watu ambao jeni walizorithi huwafanya askari hao wawe wepesi wa kupiga, na utumbo wao wenyewe ndio unaovimba. Jeni peke yake haitoshi kuleta ugonjwa, lakini huuandalia njia. Shida ni kwamba TB ya utumbo hufanana na ugonjwa huu, na dawa ya huu ni hatari kwa mwenye TB. Vipimo vingine vinakuja, ila nisaidieni: kwenu kuna mwingine mwenye tumbo kama hili?"

Joyline aliinama. "Muulize mama. Mimi nilishahukumiwa."

Naliaka akakumbuka. Kaka yake, Joash, alikufa kwa tumbo hilohilo, na siku ya mazishi walimfukuza mjane wake wakimwita mchawi. Na yeye mwenyewe? Miaka mingapi ameona damu chooni, akanywa mitishamba na kuwaambia watu ni vidonda vya tumbo?

"Ni mimi," alisema. "Na kaka yangu pia. Nilificha."

"Mathe, ulijua?" Quincy aliuliza.

"Nilijua tumbo langu. Sikujua kwamba ndilo lako."

Joyline alicheka bila furaha. "Na sufuria zangu ndizo zilibeba kesi."

Jumatano iliyofuata Naliaka hakufumba macho. Alisimama mbele ya wenzake. "Nilichoomba hapa juu ya Joyline kilikuwa masengenyo niliyoyavika kitambaa cha kichwa yaonekane maombi. Ugonjwa umetoka kwa damu yangu."

Mwenyekiti, Mama Wangeci, akakohoa. "Basi tukuombee, dada."

"Mtaniombea. Lakini amina mtaitikia Salgaa, kwa Joyline, sahani zikiwa mkononi."

Wachache walikwenda, wakakaa pale mbele ya hoteli, madereva wakiwaona. Joyline aliwapakulia wote kwa heshima. Sahani ya mama mkwe aliileta mwisho, ugali na supu, vyote vimeshapoa.

Naliaka aliinamisha kichwa, akashukuru, akala hadi tonge la mwisho.