Fimbo ya Angèle

...na Grégoire amemshika kiunoni, mikono yote miwili, utadhani farasi wa mbao atashtuka akimbie hadi ziwani, farasi mwenyewe sikio moja limevunjika, haendi popote ila kuzunguka na wenzake kwenye bembea, na Angèle anacheka, kicheko kile nilichodhani ni changu peke yangu, anapita mbele yangu, "Kahindo, angalia! Niko juu ya farasi!" naona, naona, macho ninayo, nimebaki hapa pembeni ya kermesi, sikukuu hii ya michezo ya parokia, na fimbo yake, na nani aliyemleta kutoka mtaani kwetu Birere mgongoni, juu ya mawe ya volkano yanayokula viatu, fimbo hii hii nimeilaza nyuma iwe kiti chake, jasho mpaka machoni, si mimi? kisha huyo Grégoire, karani wa posta, na shati lake la pasi, anatokea tukishafika, kazi imekwisha, "Kahindo, pumuzika kidogo, leo nitamubeba miye," naye Angèle akamnyooshea mikono, upesi, bila hata kuniangalia, mikono iliyonikaba shingo miaka tisa, na mguu wake wa kushoto, uliokauka tangu homa ya utotoni, mguu anaoufunika mbele ya kila mtu, ukaning'inia watu wote wakiona, asijali... ndiyo, nina wivu, niseme tu, unanichoma hapa kifuani, Grégoire nilimwona mimi kwanza, siku ya Pasaka, akipanga viti kanisani, nikamwambia Angèle njiani, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, "Ni muzuri?" akauliza, "Muzuri sana," nikasema, mjinga mimi, nikamfungulia mlango mwenyewe... ningeweza kuondoka na fimbo hii, sasa hivi, farasi wakisimama atashuka vipi, atanitafuta, ataniita, na mimi nimefika mbali... "Mama, sogea, unafunga njia," ananiambia muuza mikate, nasogea hatua moja, farasi wanapita tena, na mimi najiweka mahali pa Angèle, najaribu, mikono ya Grégoire kiunoni mwangu, nafumba macho, hata sura yake siipati, ninachopata ni uzito, uzito wa Angèle asubuhi za shule, pumzi yake shingoni, akinisomea somo la masista huko huko mgongoni ili niingie darasani nikilijua, mimi niliyekuwa mzito wa kusoma, na mvua ikitupiga sote wawili tumejifunika nguo moja... basi wivu huu ni wa nani? si Angèle ninayemwonea, ee Mungu wangu, ni huyu karani, yeye na mikono yake, hajui hata kwamba mguu wa kushoto haubanwi, ukibanwa unamuuma naye hasemi, anauma midomo tu, mimi ndiye ninayejua, nani atamwambia, si mimi, mimi sitamwambia... au nimwambie, maana ataumia, wanapita, "Kahindo!" Angèle ananinyooshea kidole, anacheka mpaka machozi, "Kahindo, unabeba nani?" nabeba nani vipi, sibebi mtu, natazama mikono yangu na mbele haipo, iko nyuma, fimbo nimeilaza chini ya makalio, nimeishika huku na huku, mgongo nimeuinamisha, kumbe tangu farasi waanze kuzunguka nimesimama hivi, namngojea apande, na farasi bado wanazunguka, na Grégoire bado amemshika, na mimi siwezi kunyooka.