Opereta wa Kwanza wa Nsuekrom

Habari za picha zilimfikia Mensima sokoni, akiwa ameinama kuchagua bilinganya.

"Mama, hujaenda maktaba?" aliuliza Yaaba, muuza mboga ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. "Wametundika picha za zamani za mji mzima. Shule, zahanati, polisi wa enzi zile na kaptula zao. Na shoga yako Tawia yumo! Kasimama katikati ya watu wa posta, anang'aa kama bibi harusi."

Mensima akalirudisha bilinganya alilokuwa amelishika.

"Chini yake wameandika nini?"

"Mimi na kusoma wapi na wapi, mama? Ila niliwasikia watu wakisoma kwa sauti. Opereta wa kwanza wa simu wa Nsuekrom."

Basi siku hiyo mabilinganya hayakununuliwa. Mensima alishika njia ya maktaba na kapu tupu, jua la saa nne likimchoma utosini, na picha yenyewe aliiona vizuri kichwani kabla hajafika. Ni nani angeijua kumshinda yeye? Ilipigwa mwaka 1958, siku ile posta ilipofunguliwa. Mpiga picha, marehemu Egyir, aliwapanga wafanyakazi wote kwenye ngazi za mbele, wote isipokuwa mmoja. Ndani kulikuwa na ubao wa simu, mpya, unanukia rangi, na mkuu wa wilaya alikuwa anangoja kuunganishwa na Accra. Lazima mtu abaki. Wasichana wa simu walikuwa wawili, Mensima na Tawia, walioajiriwa siku moja kwa barua mbili zilizofanana kila neno. Postamasta akachungulia mlangoni, akawatazama wote wawili, kisha akasema, "Tawia, toka uje. Mensima, wewe kaa na ubao. Yako itapigwa baadaye." Tawia akaruka. Akatoka na visikizi vya Mensima, vile vya kuvaa masikioni, vikining'inia shingoni, maana vyake vilikuwa na waya uliochubuka.

Hiyo baadaye haikufika. Tawia alikaa na ubao miezi minne tu, akaolewa na mnunuzi wa kakao, akahamia Kumasi. Mensima alikaa na ubao miaka ishirini na minne, mpaka siku walipoung'oa ukutani na kuupakia kwenye lori. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekumbuka kumpiga picha akiwa kazini.

Sasa alisimama mbele ya ile picha. Egyir alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Unaona mpaka vifungo vya postamasta. Na Tawia, ana miaka kumi na tisa, gauni jeupe, kidevu juu, na visikizi vile shingoni kama mkufu wa dhahabu. Mensima alivitazama visikizi kuliko alivyomtazama mwenye shingo.

"Umeipenda, mama?" Alikuwa Bwana Arhin, mkutubi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyezikusanya picha hizo, nyumba kwa nyumba, na kuzitafutia fremu.

"Umeandika uongo."

"Uongo upi tena?"

"Opereta wa kwanza. Tulikuwa wawili. Na simu ya kwanza kabisa kuingia Nsuekrom niliipokea mimi, wakati huyu yuko nje anachekea kamera."

Arhin akavua miwani, akaifuta. "Mama Mensima, mimi nakuamini. Lakini unayo barua? Cheti chochote?"

"Mchwa walikula."

"Basi unaniweka pabaya. Mimi nimeandika kile picha inachokisema."

"Picha haisemi! Picha inaonyesha waliotoka nje!"

Wasomaji wawili wakageuka. Arhin akashusha sauti. "Jumamosi tumewaalika wazee waje wasimulie. Mama Tawia atakuja, karudi mjini tangu mumewe afariki. Njoo na wewe, mseme pamoja."

"Mimi nialikwe kuja kumsikiliza Tawia?" Mensima alicheka kicheko kikavu, akaondoka.

Siku tatu zilizobaki kabla ya Jumamosi, chakula hakikushuka. Aliketi mbele ya dokono na samaki, akamega tonge, akalitazama, akalirudisha. Lililomuuma halikuwa jina tu. Tawia alipata kila kitu bila kukaa foleni. Mume mwenye gari, nyumba ya ghorofa Kumasi, binti anayefundisha chuo. Mensima aliolewa kwa miaka sita na mwalimu aliyekwenda zake kaskazini na hakuandika. Kitu kimoja tu kilikuwa chake, kile kiti cha mbao mbele ya ubao wa simu. Sasa na hicho Tawia amekikalia.

Jumamosi alisema haendi. Saa tisa alikuwa ameshavaa kitenge chake cha buluu na kilemba.

Maktaba ilikuwa imejaa, na watu wengine walisimama madirishani. Tawia aliketi kwenye kiti chenye mto, binti yake pembeni, fimbo magotini. Macho yake yalikuwa na ukungu, meupe kama maziwa. Mensima hakuwa amemwona tangu msiba wa mumewe, na hakujua kwamba hali ilikuwa imefika huko. Huruma ikamchomoza kidogo. Kisha Tawia akafungua mdomo, na huruma yote ikaondoka.

"Mwaka sitini na nne," Tawia alikuwa akisema, kwa ile sauti yake nzito ya kuvuta watu, "soko liliposhika moto. Mnajua soko la zamani lilivyokuwa limeegemea ukuta wa posta. Moshi unaingia madirishani. Postamasta kashakimbia na kofia yake mkononi. Lakini kule ndani, msichana yuko na ubao wake. Hatoki! Anawaita zimamoto wa mji wa pili. Anaita hospitali. Anaita lori la maji la halmashauri. Makaa ya moto yanadondoka kutoka darini, na yeye siku hiyo viatu vilikuwa vimembana, kavivua tangu asubuhi. Afanyeje? Anatia miguu yote miwili kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na anaendelea kuunganisha simu!"

Watu wakapiga makofi, wakapiga na vigelegele. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mama Tawia, wewe ni simba!" Na Tawia akatabasamu, akainamisha kichwa.

Mensima hakujua alifikaje mbele. Alijikuta tu amesimama katikati ya ukumbi, kidole kimenyooka.

"Mwizi! Mwaka sitini na nne ulikuwa Kumasi, unakula nyama! Miguu ile ni yangu! Ndoo ile ni yangu!"

Binti wa Tawia akainuka, "Mama mdogo, tafadhali..." Lakini Tawia alimzuia kwa fimbo. Akageuza uso kuelekea ile sauti.

"Hiyo ni sauti ya Mensima," alisema taratibu. "Hata ningekuwa kaburini ningeijua. Anasema kweli, jamani. Miguu ni yake. Alinisimulia mwenyewe, nilipokuja kumzika mama yangu."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Sikusema ni mimi. Nimesema msichana. Nilitaka kumalizia na jina lako, lakini makofi yakanitangulia." Akapapasa fimbo yake. "Nikayaacha yapigwe. Ni matamu, dada. Wewe hujawahi kuyaonja, hujui yanavyoteremka kooni."

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Bwana Arhin, jasho likimtoka, akavuta kiti kingine akakiweka kando ya Tawia. "Mama Mensima, kaa. Simulizi ni yako. Tupe wewe mwenyewe."

Hapo ndipo alipokuwa akitaka kufika kwa miaka arobaini na moja, tangu siku ile ya picha. Akaketi, akapanga kitenge magotini, akaanza.

"Moto ulianza saa saba na dakika ishirini mchana. Simu ya kwanza niliipiga saa saba na dakika ishirini na tatu. Ya pili, saa saba na dakika ishirini na tano. Jumla ya simu zilikuwa thelathini na moja. Ubao ulikuwa na nafasi hamsini, lakini zilizokuwa zinafanya kazi..."

Aliendelea hivyo. Kila neno lilikuwa kweli tupu, na kila neno lilianguka chini kama nguo iliyolowa. Mzee mmoja akapiga miayo bila kujificha. Mwanamke aliyemwita Tawia simba akainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Mensima aliyaona hayo, na kijicho kikampanda upya, kibaya kuliko kile cha picha. Picha ilimkosa kwa sababu alikuwa ndani. Leo yuko nje, mbele ya kila mtu, na bado hawamwoni! Maisha ni yake, lakini ladha yake iko kinywani mwa mwingine.

Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Waambie habari za Bwana Ackon," alisema Tawia kwa upole.

"Hayo ni ya upuuzi."

"Waambie."

"Muuza vitambaa," Mensima alisema kwa kinyongo. "Alipiga simu katikati ya moto, anataka nimuunganishe na Takoradi. Kuhusu mzigo wake wa vitambaa."

"Duka lake lilikuwa wapi?" Tawia aliuliza, kama mtu asiyejua.

"Palepale sokoni. Paa lilikuwa limeshashika."

"Na yeye yuko ndani, hajui?"

"Hajui! Ananigombeza! 'Msichana, nimengoja dakika kumi, nitakushtaki kwa postamasta!'" Bila kutaka, Mensima alikuwa ametoa sauti ya Ackon, ile ya puani. Mtu mmoja nyuma akacheka. "Nikamwambia, mzee, postamasta yuko mtoni na kofia yake. Vitambaa vyako vinaungua juu ya kichwa chako, toka nje! Akaniambia, 'Usinipandishie sauti!'"

"Halafu?"

"Halafu nikasikia anakohoa. Kisha simu ikaanguka. Mwaka uliofuata alinitumia pande la kitambaa, na barua kwamba ameniongelea kwa postamasta na kunisamehe ile kelele."

Ukumbi ulilipuka. Mzee wa miayo alikuwa anajipiga mapaja. Wakaendelea hivyo wawili, Tawia akiuliza, Mensima akijibu, mpaka jua likateremka kwenye vioo vya madirisha. Makofi yalipokuja, Mensima aliyapokea akiwa ameduwaa. Ni kweli, yalikuwa matamu. Na hata wakati yanapigwa, alikuwa anahesabu moyoni mangapi ni yake na mangapi ya Tawia.

Watu walipotawanyika, Arhin alileta kalamu na kadi mpya, akaandika mbele yao: Esi Tawia na Araba Mensima, waendesha simu wa kwanza. Mensima yuko ndani, kazini.

"Jina langu limekuwa la pili," alisema Mensima.

"Nimefuata umri, mama. Mama Tawia kakuzidi mwezi mmoja."

"Hata huo kanitangulia," Mensima alinung'unika, na Tawia akacheka mpaka akakohoa.

Binti alikwenda kuita gari. Wakabaki wawili, kila mmoja kwenye kiti chake.

"Unanionea wivu, Mensima," alisema Tawia. Hakuuliza.

"Tangu hamsini na nane."

"Mimi nilianza miezi minne baadaye." Tawia alizungusha fimbo mkononi. "Mume wangu alisema mke wake hatapokea simu za wanaume. Nilikuwa na wasichana wawili wa kazi na mito ya hariri, na sina la kufanya kutoka asubuhi hadi jioni. Simu ilikuwepo nyumbani. Basi kila Alhamisi, akishatoka kwenda kupima kakao, naomba Nsuekrom. Wewe unaitika, 'Nsuekrom hapa, nikuunganishe na nani?' Ile sauti yako ya kiofisi! Mimi nanyamaza. Natamani niseme, niunganishe na mimi, nirudishe hapo kwenye kiti. Kisha naweka chini."

Zile simu za bubu Mensima alizikumbuka vizuri. Alidhani ni mwalimu wake wa kaskazini, anaona haya kuomba radhi, na kwa miaka mingi alikuwa akijipaka poda siku za Alhamisi kabla ya kukaa na ubao, kana kwamba mtu angemwona. Hilo hakulisema. Kilichomjaa kifuani hakikuwa hasira wala msamaha. Kilikuwa furaha yenye uchachu, furaha ya mtu aliyegundua kuwa naye alionewa kijicho, tena na mwenye mito ya hariri.

"Ungesema," alisema hatimaye. "Ningekuunganisha na soko, usikilize kelele."

"Nisingeweza kulia na wewe unasikia."

Kisha Tawia akasema, "Wanasema kuna picha sitini humu. Binti yangu ananipitisha haraka, anasema tu, hii shule, hii polisi. Nielezee wewe. Mimi naona mwanga tu."

Mensima akamshika kiwiko, wakaanza kwenye ukuta wa mlangoni. Alimwonyesha wanafunzi wa shule ya wamisheni, mmoja amefumba macho, mwingine amevaa soksi moja. Akamwonyesha polisi na kaptula zao, na magoti ya sajini yaliyokuwa kama mihogo. Hakutaja saa wala idadi. Walipofika kwa wauguzi wa zahanati alikaa hapo sana, akimsifia mmoja wao, Ekua Nyameba, shingo yake, meno yake, mapaja yake chini ya aproni.

"Alikuwa mzuri kiasi hicho?" aliuliza Tawia, na sauti yake ilikuwa imekaza kidogo.

"Mzuri kuliko wote," Mensima alijibu kwa raha. "Ngoja nikueleze macho yake."

Bwana Arhin alikuwa amesimama mlangoni na funguo, lakini hakuwaharakisha.