Mpaka Uliopita Sebuleni kwa Waiyego

Waiyego alikuwa jikoni akimenya viazi, na mumewe Mungai alikuwa sebuleni akisikiliza redio, wakati mpaka ulipoingia nyumbani kwao. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwaka 2007, jioni, na mshindi wa uchaguzi alikuwa ametoka kutangazwa. Mpaka uliingia kupitia chini ya kabati la vyombo, ukapita kati ya kochi na mlango wa jikoni, ukatokea ukutani. Ulikuwa ufa mwembamba kwenye simiti, upana wa kidole, na haukufanya kelele.

Watu wa kijiji chao cha Ainabkoi walikuwa wakiutarajia. Asubuhi ulikuwa umeonekana Soy, ukikata soko katikati. Ulipokaribia mji wa Eldoret ulifika Elgon View, ukaona mageti na magari, ukauzunguka mtaa wote kwa nje bila kugusa hata ua. Kisha ukashika njia ya mashamba. Wazee hawakuuona kuwa kitu kigeni. Enzi za mkoloni, sehemu hizo zote zilikuwa Uganda, kisha mtu fulani huko Uingereza akausogeza mpaka kwa kalamu kabla ya chakula cha mchana. Mpaka ukishasogezwa mara moja, walisema, hujifunza kutembea. Na katika mikutano ya kampeni waheshimiwa walikuwa wamesema kwamba mashamba yana madoadoa, yaani watu waliotoka kwingine, na lazima yasafishwe. Watu walisikia. Mpaka nao ulisikia.

“Baba Virginia, kuja huku,” Waiyego alisema.

Mungai aliinuka, akapiga hatua kuelekea jikoni. Kifua chake kilikoma juu ya ufa, kama mtu aliyeegemea mlango uliofungwa.

“Imefunga,” alisema.

“Zunguka na nje.”

Alizunguka, akarudi. “Huko pia imefunga.”

Upande wa jikoni ulikuwa umebaki na barabara ya kwenda mjini. Upande wa sebule ulikuwa umekuwa wa waliojiita wenyeji, na Mungai, aliyelima hapo tangu ujana wake, alikuwa mgeni ndani yake bila kuondoka nyumbani.

Jirani yao Jepkosgei aliingia bila kubisha. Ndiye aliyemshika Waiyego mkono siku bintiye Virginia alipozaliwa, na huyo Virginia sasa alikuwa ameolewa Nyeri. Jepkosgei alimsukuma Mungai mgongoni kwa nguvu zake zote, na Waiyego akanyoosha mikono kumvuta, lakini vidole vyao havikukutana. Vijana walipofika, nyuso wamezipaka tope, Jepkosgei alisimama mbele yao akawaambia kwa Kikalenjin kwamba huyu ni mzee wa boma hili. Walimtupa pembeni.

Mpaka haukumuua Mungai. Aliuawa na watu wenye majina, kwa panga, jua halijatua, na Waiyego aliona yote kutoka jikoni huku akiipiga hewa kwa ngumi. Wala mpaka haukuchoma nyumba. Hilo pia lilifanywa na watu, na walikuja na petroli yao.

Waiyego alifika mjini juu ya lori la Abdirahman, msafirishaji aliyekuwa akinunua viazi vyake. Abdirahman alikuwa amepakia watu badala ya magunia, na hakumwitisha mtu nauli. Kila kizuizi walichokuta alishuka peke yake akazungumza. Walipofika uwanja wa maonyesho ya kilimo, mahali palipokuwa pamejaa hema, Waiyego alimuuliza kwa nini yeye hashangai.

“Mama Virginia, mimi nimezaliwa Wajir,” Abdirahman alisema. “Babu yangu alilala usiku mmoja na ngamia wake nchi moja, akaamka wako nchi tatu. Sisi tukaambiwa tuonyeshe kadi kwamba ni Wakenya. Mpaka huwa hauji wenyewe, mama. Huitwa.”

“Na nani?”

“Si unawajua. Uliwapigia kura, na mimi pia.”

Mwezi wa pili waheshimiwa walipeana mikono jijini, wakagawana viti. Watu walitumaini kwamba mpaka ungeondoka. Badala yake ulijengewa kituo. Pale sebule ya Waiyego ilipokuwa imeungua, pakasimamishwa kibanda cha mabati, meza, muhuri, na mti wa kuinuliwa na kushushwa uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Waiyego alikikuta kituo hicho siku aliyorudi kumwona mumewe.

Jepkosgei mwenyewe alikuwa amemzika Mungai, karibu na mwerezi wa ua, kwa jembe la Mungai. Waiyego angeweza kuona tuta la udongo kutoka alipokuwa jiko lake. Hakuweza kulifikia. Jepkosgei alileta kigoda akaketi upande wake wa ufa, na Waiyego akaketi kwenye jiwe la mafiga upande wa pili.

“Nilimwosha,” Jepkosgei alisema. “Nilimfunika na ile blanketi yako ya buluu.”

“Nani alimkata?”

Jepkosgei alitazama mikono yake.

“Wewe ulikuwa karibu,” Waiyego alisema. “Tope haikufichii mtoto wa kwenu. Sema jina.”

“Nikisema, nitaishi wapi?”

“Na mimi naishi wapi?”

Upepo ulipita kwenye mahindi ya watu wengine yaliyopandwa katika shamba la Waiyego. Mwishowe Jepkosgei alisema, “Ni Kibitok. Wa dada yangu.”

Waiyego alimfahamu Kibitok. Kijana huyo alipokuwa shule ya msingi alikula chakula cha mchana nyumbani kwa Waiyego muhula mzima, mvua ilipobomoa daraja la kwao. Alipenda viazi vyenye dania.

Waiyego alilipeleka jina mjini. Ofisa mmoja alimsikiliza vizuri, akamletea chai, kisha akamweleza kwamba kosa lilitendeka ng'ambo ya mpaka na kwa hivyo si lake. Waiyego alituma jina kwa wakubwa wa ng'ambo, kupitia kwa Abdirahman. Nao walijibu kwa upole kwamba marehemu alikuwa mgeni, na kesi ya mgeni husikizwa kwao.

“Kwao wapi?” Waiyego alimuuliza Abdirahman.

“Hawakusema.”

“Basi rudi uwaulize!” alipiga kelele, na watu wa hema za jirani wakatoa vichwa. “Uwaulize mtu aliyelala chini ya udongo wake mwenyewe anatakiwa aende wapi tena!”

Abdirahman alirudi kuuliza. Walimwambia ofisi imefungwa.

Miaka ikaenda. Waiyego alikodi chumba mjini, akauza viazi alivyonunua kwa wengine, na baadhi ya hivyo, kwa jinsi alivyoujua udongo wake, vilitoka shambani mwake. Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia, wakubwa waliopigana walijikuta upande mmoja. Walipita juu ya Ainabkoi katika helikopta moja, wamevaa kofia za rangi moja, wakicheka. Mpaka haukuwashika. Ilijulikana kwamba hauzidi kimo cha mtu anayetembea kwa miguu.

Ikatangazwa kwamba siku ya maombi ya amani, mti wa kituo ungeinuliwa na kila mtu apite. Waiyego alivaa leso safi, akachukua maua ya kaburi. Mlinzi wa kituo alikuwa kijana mpana mwenye sare iliyopigwa pasi. Alimtambua Waiyego kabla Waiyego hajamtambua.

“Mama Virginia! Habari ya siku nyingi?” Kibitok alisema, akainua mti kwa mikono miwili.

Waiyego alimtazama usoni kwa muda mrefu. Hakuona tope. Aliona mtoto aliyependa dania, na hilo lilimkasirisha kuliko tope.

“Ulimkata Baba Virginia,” alisema.

“Mama, leo ni siku ya amani,” Kibitok alijibu, na watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakamwomba Waiyego asonge.

Alivuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwerezi, akakuta jukwaa. Mafundi walikuwa wamehitaji mahali palipoinuka kidogo, na palipoinuka kidogo palikuwa juu ya Mungai. Waheshimiwa walikuwa wameshakaa, viatu vyao vinang'aa. Waiyego aliinama, akaingia chini ya mbao kwa magoti, akaketi kwenye tuta kati ya nguzo. Baada ya muda Jepkosgei alitambaa akaingia pia. Goti lake lilikuwa bovu sasa. Jepkosgei alishika mkono wa Waiyego, na Waiyego hakumnyima, ingawa hakufumba vidole vyake.

Juu yao sauti ilisema tukubali yaishe, tusonge mbele. Sauti nyingine ikasema hapa hakuna mwenyeji wala mgeni. Kila waliposimama kupigiwa makofi, vumbi lilidondoka kupitia mianya ya mbao, likakaa kwenye leso za wanawake wawili na juu ya maua. Kisha Kibitok aliitwa jukwaani akashukuriwa kwa kulinda amani ya mpaka. Walisikia buti zake zikipita juu ya vichwa vyao, zikafika katikati, zikasimama.

“Hapo ndipo kifua chake kiko,” Jepkosgei alinong'ona.

Waiyego aligonga ubao kwa ngumi. Aligonga tena na tena, hadi ngozi ikachubuka. Huko juu walidhani ni ngoma, wakaanza kupiga makofi kwa kuifuata.

Jioni filimbi ililia, wageni wakaambiwa watoke kabla giza halijaingia. Waiyego alipanga maua chini ya pale buti ziliposimama, akatoka na vumbi lake bila kulikung'uta. Kwenye kituo, Kibitok alikuwa amerudi kazini.

“Karibu tena, Mama,” alisema.

“Mtu hakaribishwi kwake,” Waiyego alijibu.

Kibitok alitazama magharibi. Halafu, kwa sababu jua lilikuwa limeshatua na hayo ndiyo yalikuwa maagizo, aliushusha mti.