Daftari la Kizuizi cha Mbung'o

Katika miaka ile ya Mwingereza, pori lililo kati ya Biharamulo na Ngara lilipofungwa kwa sababu ya malale yaletwayo na mbung'o, Habibu bin Kombo alipewa daftari la kizuizi. Alikuwa mtu wa duka, baba yake alitoka pwani, na kila jioni alisomesha watoto Kurani. Kazi yake ya daftari ilikuwa nyepesi: aingiaye porini aandikwe jina na siku, atokaye aandikwe "amerudi". Asiyetoka hadi jua la siku ya tatu kuzama, ngoma ipigwe, watu wakamtafute.

Jumatano moja waliingia warina asali wanne, mkubwa wao Nzeyimana. Ijumaa, jua likikaribia utosini, Nzeyimana akatokea kizuizini na masega yake. Habibu alikuwa ameinamia birika, anatawadha.

"Tumerudi, mwalimu," alisema Nzeyimana, kama desturi ya mkubwa wa msafara kuwajibia wenzake.

"Alhamdulillahi," akajibu Habibu. Hakuinua kichwa. Alikausha mikono kwa kanzu, akaandika "amerudi" mara nne, akaiwahi hotuba.

Waliotoka walikuwa watatu. Wa nne, Bigirimana, alikuwa amewaaga kwenye mzinga wa mwisho, akisema atawafuata. Nzeyimana alidhani mwenye daftari ana macho.

Jumamosi asubuhi alikuja kutoka kijiji cha Keza Domisiana, mkewe Bigirimana, rozari shingoni na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za Keza?"

"Nzuri kidogo. Mume wangu hajafika."

Habibu akafungua daftari, akaweka kidole juu ya mstari. "Huyu hapa. Amerudi jana."

"Nyumbani hajarudi."

"Si hupeleka asali ya kwanza kwa wazazi wako Mbuba? Basi pombe ya wakwe imemkalisha. Mkamatie huko."

Wawili watatu waliokuwa barazani wakacheka. Domisiana hakujua kusoma. Alikitazama kile kidole, kisha akamtazama mwenye kidole, na kwa kuwa mtu huyo alifundisha maneno ya Mungu, akaondoka.

Shemeji yake alikwenda Mbuba kwa miguu, akarudi Jumatatu mchana. Bigirimana hakuonekana huko. Hapo ndipo Habibu alipomwita Nzeyimana, akauliza neno alilopaswa kuliuliza Ijumaa: mlitoka wangapi? Alipojibiwa, alikaa kitako chini vumbini, kanzu nyeupe na yote.

Ngoma ilipigwa. Jumanne asubuhi walimkuta chini ya mti wa mzinga, paja limevunjika. Shati lake alikuwa amelifunga kwenye kijiti na kukisimamisha, ili lionekane kwa mbali. Alikuwa amekula masega yote, hata nta akaitafuna. Mwili wake ulikuwa bado haujakakamaa.

Baada ya mazishi Habibu alijifungia dukani na wembe. Karatasi ile ilikuwa nzito, neno moja lingekwanguka bila kuacha alama kubwa, na mkaguzi angekuja mwisho wa mwezi. Alikuwa hajaigusa karatasi bado Domisiana alipobisha mlango.

"Nisomee pale uliponionyesha," alisema.

Akasoma. "Bigirimana wa Keza. Amerudi."

Domisiana aliuona wembe. "Liache hivyo hivyo," alisema. "Chini yake andika siku alizotungoja."

Habibu akaandika: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Akaongeza: Mwandishi hakutazama. Akatia jina lake na la baba yake. Usiku ule na mwingine mwingi uliofuata aliomba maghufira, si kwa ajili ya sala, maana sala haikuwa na kosa, bali kwa kuiendea akiwa amempa mtu kisogo.

Mwezi ukaisha. Mkaguzi alisoma ukurasa ule, akamwachia kazi yake, na hilo likamwia Habibu zito kuliko kufukuzwa.

Ijumaa moja Nzeyimana akatoka tena porini na wenzake, adhana ikisikika.

"Tumerudi sote, mwalimu. Nenda kaswali."

"Piteni mmoja mmoja. Kila mtu aseme jina lake, aweke mkono juu ya daftari."

"Ee! Unatuhesabu kama mbuzi?"

Habibu alichovya kalamu katika wino. "Mngekuwa mbuzi," alisema, "ningewahesabu Ijumaa ile."