Kicheko cha Calvince

Katika kampuni yetu ya gesi pale Mamboleo, simu za wateja hurekodiwa na kuwekwa miezi mitatu, kisha kompyuta huzifuta yenyewe. Zinazobaki ni zile zilizotiwa alama ya mafunzo. Kutia alama ni kazi yangu, lakini utaratibu huo aliuanzisha msimamizi wangu, Calvince, na simu ya kwanza aliyoamuru ibaki ilikuwa yangu.

Mzee mmoja alikuwa amepiga kuuliza namna ya kuwasha jiko. Aliyekuwa akimwashia ni mkewe, na walikuwa wamemzika Jumamosi. Nikalia naye.

Tangu hapo, kila wafanyakazi wapya wakija, Calvince huwasikilizisha sauti yangu ikikatika. "Huyu ndiye Naswa wetu," husema akininyooshea kidole. "Tunauza gesi hapa, hatuuzi leso za kufutia machozi!" Hucheka, nao hucheka. Mimi huinamisha kichwa.

Kisha akaja Mama Selpha, anayekaanga samaki katika soko la Kibuye, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Mtungi wetu ulivuja ukashika moto, naye akalazwa hospitalini zaidi ya miezi miwili. Alisema asubuhi ya moto ule alikuwa ametupigia kwamba gesi inanuka, akaambiwa awashe tu.

"Mama, labda ulipigia kampuni nyingine," Calvince akamwambia.

"Niliungua mkono, kijana. Kichwa hakikuungua."

"Basi rudi mwisho wa mwezi. Tunachunguza."

Nilitazama kalenda. Kabla ya mwisho wa mwezi, miezi mitatu ingekuwa imetimia.

Wenzangu walipoenda kula chakula cha mchana niliitafuta simu ile. Aliyeipokea alikuwa Calvince mwenyewe. "Mama, gesi ni ya kunuka, si marashi. Washa jiko, watu wana njaa." Halafu kicheko. Kilekile.

Mimi huomba radhi hata nikiomba chumvi mezani. Siku hiyo sikuomba ruhusa ya mtu. Niliitia alama ya mafunzo, nikanyamaza. Kila asubuhi nilimsalimu Calvince kwa adabu, hata chai nikamwekea sukari anavyopenda. Sikujua kumbe kungoja kunaweza kuwa kutamu hivyo.

Mama Selpha aliporudi, meneja wetu, Bwana Wechuli, alikaa kumsikiliza.

"Rekodi za wakati ule zimeshafutwa," Calvince akasema, ameegemea kiti. "Ni sheria ya kampuni, Mama."

"Za mafunzo hazifutwi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Kisha nikabonyeza.

Kicheko chake kikajaa chumba. Bwana Wechuli alivua miwani. Mama Selpha aliweka mkono wake wenye bendeji juu ya meza, mbele ya Calvince.

"Ndiye huyo," akasema. "Mwambieni acheke tena, nimwone."

Hakucheka. Bwana Wechuli alimwomba Mama Selpha msamaha, akaahidi kwamba kampuni itamlipia matibabu hadi apone. Calvince aliambiwa aondoke siku hiyohiyo.

Alipita mezani kwangu na mfuko wake. "Naswa, dadangu. Ile simu, si utaifuta? Yameisha."

Nilifungua kompyuta mbele yake. Nikaitafuta simu ya mzee wangu aliyefiwa, nikaifuta, apumzike. Calvince akashusha pumzi.

Ya kwake nikaiacha.

"Jumatatu kuna wafanyakazi wapya," nikamwambia, na safari hii sikuinamisha kichwa. "Nitawafundisha mimi."