Kitanda ya Koko Kaswera

Habari hii nilielezwa na Kavugho mwenyewe, juma moja mbele ya Pasaka ya mwaka jana, tukichambua maharagi nyuma ya nyumba yake kule Beni. Mimi na yeye tuliolewa katika jamaa moja, donc Kaswera, huyu mama mukwe anayemusema, ni mama mukwe yangu pia. Nilimuuliza kama naweza kuandika. Akasema, andika, mais usisahau kitanda.

Ilikuwa mwaka 2001. Kavugho na bwana yake Kitsa balikuwa bametoka Eringeti bakikimbia vita kuja Beni. Njiani balizika mutoto yao ya kwanza. Kuhara ilimukausha kwa siku mbili. Akabaki Séphora, wa miaka miwili, naye tumbo ilianza kumusumbua. Maji ya kijito ilipaswa kuchemshwa, mais kuni ilikuwa musituni, na musituni kulikuwa batu ba bunduki.

Kitsa alitaka filtre ya bougie, chujio ya maji yenye mushumaa ya udongo ndani, ile ya ndoo mbili zinazopandana, inayongaa. Jirani yao Phinées, masoni, mujengaji wa kanisa ya Baprotestanti, akamuuliza:

"Vita ikirudi, utaibeba?"

"Nitaibeba."

"Bougie ikipata ufa kama unywele, utauona?"

"Kama unywele? Hapana."

"Maji itapita na uchafu yake, nawe utasema inangaa. Mimi nitakujengea pipa ya muchanga. Ile, hata basoda na bunduki yao bakikuja kuiba, bataiacha. Iko muzito kama mama mukwe."

"Sema polepole, papa Phinées. Mama yangu anakuja mwezi ujao kutoka Kayna."

Phinées akajenga pipa ya simenti: chini kokoto, juu muchanga mwembamba, na bomba kando. Akabaambia: musiisogeze. Mimineni maji kila siku. Maji ikae juu ya muchanga vidole vitatu, isikauke hata siku moja. Majuma matatu ya kwanza muchemshe tu. Kisha mutaona ngozi ya rangi ya udongo juu ya muchanga. "Ile ngozi njo filtre yenyewe, iko hai, inakula uchafu. Maji ikianza kutoka polepole, pangusa kidogo juu na vidole, toa yale maji machafu na kikombe. Basi."

Bakafanya hivyo. Miezi miwili Séphora hakuhara, mashavu ikarudi.

Kaswera alikuwa amekwisha kufika. Kayna yote ilimujua kwa mambo mawili: kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, na usafi. Basemaga hata kuku ilipangusa miguu mbele ya kupita kwake. Kitsa alimutengenezea kitanda ya mbao ya mikaratusi, kitanda ya kwanza katika maisha yake. Kila jirani alipokuja, aliitwa kuiona.

Siku moja Kavugho akaenda Kalunguta kuvuna maharagi kwa ndugu zake, akamuacha Séphora na Kaswera, koko yake, akalala kule mara mbili. Aliporudi, Kaswera alikuwa anamungoja mulangoni na furaha.

"Mama Séphora, ulikuwa unanywesha mutoto matope. Nimetoa muchanga yote, nimeosha na sabuni, maji matatu, nimeanika juani. Ona sasa."

Ngozi haikuwako tena. Na Séphora alikuwa amekunywa ile maji tangu jana. Asubuhi ya kesho yake alihara mara sita, macho ikaingia ndani.

Kwetu muke ya kijana hamuambii mama mukwe kwamba amekosa. Kavugho alimutilia mutoto maji ya sukari na chumvi kinywani, kijiko kwa kijiko, akamwacha na baba yake, akaenda kwa Phinées.

"Kuja uone pipa. Mimi sina kinywa."

Phinées akakuja, akatazama ndani, akakaa kando ya Kaswera.

"Mama, umeosha vizuri. Nina swali moja. Ile mutungi yako ya kasiksi, unaioshaga na sabuni?"

"Wewe mutu wa kanisa, kasiksi inakuhusu nini?"

"Jibu tu, mama."

"Kuiosha na sabuni? Ningeua chachu. Kasiksi haingechacha tena."

Phinées akainuka. Akaonyesha pipa na kidole tu. Kaswera akatazama muchanga, kisha akatazama mutoto juu ya mapaja ya Kitsa.

"Ile ngozi itarudi?"

"Itarudi, majuma matatu. Mpaka ile siku, muchemshe."

"Kuni iko wapi?" Kavugho akauliza. Juma ile njia ya musitu ilikuwa imefungwa kabisa.

Kaswera akasimama, akaingia chumbani. Bakasikia panga. Akatoka na ubao ya kwanza, imepasuliwa vipande vitano.

"Mama, hapana, ile kitanda..." Kitsa akasema.

"Washa moto, mutoto yangu. Mugongo yangu ilijua chini mbele ya kujua mbao."

Kila siku kipande, pamoja na magunzi ya mahindi. Siku ya ine Séphora aliacha kuhara, akaomba ndizi. Na kila asubuhi Kaswera mwenyewe alimimina maji juu ya muchanga, polepole, kama mutu anayelisha. Alikataza hata Kitsa kuigusa pipa.

Majuma matatu ilipoisha, Phinées akachungulia.

"Imeshika."

"Nitakunywa mimi kwanza," Kaswera akasema. "Kama ni kupiga tumbo, inipige mimi."

Akakunywa siku tatu. Tumbo ikanyamaza. Siku ya ine, baada ya chakula cha muchana, Kavugho akamupa Séphora kikombe. Akamaliza, akaomba tena, akasinzia mugongoni mwa mama yake. Kavugho akamulaza, naye akajinyoosha kando yake. Kitsa alikuwa anakoroma tayari kwenye kiti.

Ya kitanda ilibaki muguu moja tu. Kaswera akatandika mukeka kando ya pipa, akaweka ule muguu chini ya kichwa, akasikiliza maji ikidondoka ndani ya ndoo, mpaka akalala.